Baba Alikaa Kwanza

Baba yangu alikuwa mtu mzito, na uzito huo ulikuwa kazi yake. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini sisemi utani. Miaka ile ya kwanza baada ya Uhuru mji wa Nakuru ulikuwa na uhaba mkubwa wa mahali pa kukaa. Wakati wa wazungu mabenchi yalikuwa machache, yale ya mgongo na mikono ya chuma bustanini katikati ya mji, na kila mtu alijua ni ya nani. Mama aliwahi kukalia moja akiwa na mimba yangu, miguu imevimba, na askari akamwinua kwa kirungu. Kwa hiyo Uhuru ulipokuja, pamoja na mashamba na shule na mambo mengine makubwa waliyoahidiwa, watu walitaka pia kukaa. Walitaka kukaa kwenye stendi ya basi, nje ya posta, uwanjani, nje ya hospitali. Karakana moja kule upande wa viwanda ikapata kazi ya kutengeneza mabenchi hayo, na baba alikuwa kibarua pale.

Kazi aliyoandikiwa ilikuwa kubeba mbao. Lakini siku ya kwanza aliposhuka kwenye lori, lori liliinuka upande mmoja, na fundi mkuu akaliona hilo. Huyu fundi mkuu alikuwa Kalasinga mwenye kilemba na ndevu nyeupe, mtu wa maneno machache, na wote walimwita Mistri. Akamwambia baba aje akalie benchi lililomalizika asubuhi ile. Baba akakaa. Ubao ukapasuka kwenye kifundo cha mti, na baba akajikuta chini na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wenzake walicheka wakashika matumbo. Mistri hakucheka. Alipiga magoti, akaupitisha mkono pale ulipopasukia, kisha akaamuru mabenchi yote ya wiki ile yafunguliwe yaangaliwe upya. Tangu hapo hakuna benchi lililotoka karakana ile kabla baba hajalikalia.

Nimewahi kuulizwa kwa nini hawakutumia mifuko ya simiti, maana ilikuwa imejaa stoo na kila mfuko umeandikwa uzito wake. Nilimuuliza baba swali hilo hilo nikiwa bado msichana mjuaji. Alinijibu kwamba simiti ukiiweka inatulia, na mtu hatulii. Mtu hujigeuza kumsalimia mwenzake, hujitupa akiwa amechoka, huinuka upande mmoja kutafuta kitambaa mfukoni. Tena Mistri alikuwa amewasoma watu wa mji huu vizuri. Alisema mzungu hukaa mwanzo wa benchi, mwenzake mwisho, na katikati huacha nafasi ya kofia. Sisi wengine wote, Mwafrika kwa Mhindi, tunakaa mpaka benchi lijae, halafu anakuja mtu mwingine anasema songeni kidogo, na tunasonga. Hakuna aliye na moyo wa kumwambia mtu aliyesimama kwamba hakuna nafasi. Benchi la watu watano kwetu ni la watu wanane, na watoto mapajani, na kikapu. Kwa hiyo Mistri alitaka benchi lipigwe na uzito unaotembea, na uzito huo ulikuwa baba.

Alikuwa na namna yake ya kufanya. Alikaa katikati, akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto, kisha akainuka na kujitupa kwa nguvu zote. Halafu akafumba macho akasikiliza. Karakana nzima ilinyamaza, hata misumeno. Akifungua macho alisema neno moja tu, imekubali au imekataa, na hakuna aliyebishana naye. Likikataliwa, liliondolewa bila maswali, na mafundi waliolitengeneza walirudi kazini vichwa vimeinama.

Sijui kama nimewahi kumwona mwanamume anayejivunia kazi yake kuliko baba. Babu alikuja Nakuru kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, akafa na koleo mkononi, na hakuna aliyejua alichimba wapi. Lakini baba tukitoka kanisani Jumapili alitupitisha mjini makusudi. Kila tulipofika kwenye benchi lake alilitazama, na kama lilikuwa limejaa watu alifurahi zaidi. Mama alikuwa akimwambia kwamba ameongeza mke wa pili, mbao. Alimtania hivyo huku akimpakulia. Alimpakulia ugali mkubwa, na mboga ya mrenda, na maziwa ya mgando, na nyama kila ilipopatikana, kwa sababu alijua anachokilisha ni kazi. Hata Mistri alikuwa akimpa samli kutoka kwake nyumbani, kama mtu anayetia cherehani mafuta.

Natumia mfano wa cherehani kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa nashona kwenye baraza la duka moja la vitambaa, na suruali za baba nilizishona mimi, maana madukani hazikupatikana za ukubwa wake. Kiuno chake nilikijua kuliko cha mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kujua, kabla ya daktari na kabla yake mwenyewe kukubali.

Ilianza na kipande cha nyama kilichokataa kushuka. Alikohoa, akanywa maji, kikapita, tukasahau. Baadaye ikawa ugali. Alikata matonge madogo, kila tonge na maji yake, na mlo uliokuwa ukimchukua muda mfupi ukawa unapita jioni nzima. Kisha akaanza kusema kwamba amekula kazini. Mama aliletewa dawa ya kifua kutoka zahanati, chupa ya maji matamu, akamnywesha kwa kijiko. Siku moja mama alikuja na suruali za baba barazani kwangu, amezifunga kwenye khanga zisionekane. Akaniambia nipunguze viuno, lakini kitambaa nisikikate, nikikunjie ndani, ili baba akinenepa tena niachilie. Nilikunja. Mwezi uliofuata nilikunja tena, na kiuno kikawa kinene kwa kitambaa kilichorundikana ndani.

Baba naye akaanza kujivika. Alivaa sweta juu ya sweta, na juu yake koti kubwa la jeshi la zamani lililomfika magotini. Alidai baridi ya Molo imeshuka mpaka Nakuru mwaka ule. Watu walimwitikia kwamba kweli, baridi imezidi. Jua lilikuwa linachoma mpaka vumbi jeupe la ziwani linapeperuka barabarani, na watu wazima na akili zao walisimama kwenye jua hilo wakikubaliana na mzee kuhusu baridi.

Hili ndilo linalonikasirisha mpaka leo. Kwetu humwambii mgonjwa amekonda. Kumwambia mtu amekonda ni kama kumwonyesha kaburi lake kwa kidole. Unamwambia anaonekana vizuri, leo uso una nuru, akipata mchuzi wa kuku atainuka. Nimeona watu wakimwambia hivyo mtu ambaye mashavu yameshaingia ndani, na yeye anawashukuru, na wote wanajua. Ni adabu, na kwa magonjwa mengi haimdhuru mtu. Lakini baba hakuwa mgonjwa tu. Alikuwa kipimo cha mabenchi ya mji mzima. Kila mtu pale karakana aliona kipimo kinapungua, na kila mtu akanyamaza kwa heshima. Benchi likitulia kimya chini yake, walimpongeza fundi aliyelipigilia.

Wakati huo ikaja kazi ya hospitali. Kliniki mpya ya akina mama ilikuwa inafunguliwa, na mkubwa fulani alitarajiwa kutoka Nairobi, kwa hiyo mabenchi yalitakiwa haraka. Mwerezi mkavu ulikuwa umekwisha. Mwenye karakana akaleta mbao ya saiprasi kutoka juu Molo, imepasuliwa juzi, mbichi, ukiishika utomvu unabaki kiganjani, na vifundo vimejaa. Mistri alinung'unika lakini yeye alikuwa wa kuajiriwa kama wengine.

Siku mabenchi yalipokuwa yanamalizika nilimpelekea baba uji kwenye chupa ya chai, maana hakuweza tena kumeza kitu kingine. Nikamkuta ndiyo anakaribia kukaa. Nikasimama mlangoni. Alijishusha katikati ya benchi na masweta na koti lake, akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto. Akainuka akajitupa, na kujitupa kwenyewe kulikuwa kama kwa mtu anayekaa kitandani taratibu asimwamshe mwenzake. Saiprasi ile mbichi haikutoa hata mlio. Akafumba macho akasikiliza, karakana nzima ikanyamaza naye, na hapakuwa na kitu cha kusikiliza.

"Imekubali," akasema.

Mistri alikuwa anaangalia chini. Nilingoja baba aende kunywa uji wake kivulini, nikamfuata Mistri kwenye meza yake ya randa nikamwambia aweke mtu mwingine akalie yale mabenchi kabla hayajatoka. Sikumwambia kwa upole. Nilikuwa nimekasirika hata nikasahau kumwamkia.

Hakukasirika. Alifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole.

"Mama, mimi naona," akasema. "Macho iko. Lakini mimi nasema nini kwa yeye? Miaka yote hii yeye nasema imekubali, mimi nasema ndiyo. Wewe mtoto yake. Wewe sema."

Niliona kwamba na yeye, pamoja na ndevu zake na kilemba chake, alikuwa ameambukizwa adabu yetu.

Nilisema jioni ile ile, jikoni, mama akiwa anapepeta mawele. Nilimwambia, "Baba, umekonda. Yale mabenchi ya hospitali hayajakaliwa na mtu."

Mama aliacha ungo ukaanguka. Baba alikuwa akiniita mama siku zote, kwa sababu nilipewa jina la mamake mzazi, na kwa jina hilo alinidekeza tangu utoto. Jioni ile hakuniita chochote.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Mimi ndiye hushona suruali zako."

Aliinuka akatoka nje. Mama aliniambia nimemzika babangu akiwa hai, na kwa siku kadhaa alinipitia kama mtu anayepita nguzo. Sikujuta wakati ule na sijajuta baadaye. Lakini nilikuwa naumia, na nilitaka mtu hata mmoja aseme kwamba nina haki, na hakuna aliyesema.

Baba alilisema kwa namna yake. Wiki iliyofuata alimwendea Mistri akamwambia mabenchi ya hospitali yarudishwe. Yalikuwa yameshapakiwa na kupelekwa, yameshapakwa rangi ya kijani, na mkubwa wa Nairobi alikuwa ameshapiga picha nayo. Mistri alikwenda mpaka kwa mwenye karakana. Yule bwana alimuuliza kama anataka yeye aende kuwaambia wakubwa wa hospitali kwamba mtu wa kukalia mabenchi yake amekonda. Alisema hilo mbele ya vibarua, na vibarua waliangalia pembeni, na baba alikuwapo.

Aliacha kwenda kazini. Tulidhani ni ugonjwa, na kweli ulikuwa umemzidi, lakini jioni alikuwa akitoka na kikapu cha mama akielekea upande wa reli. Alirudi na mawe. Lazima niseme kwamba mawe ya Nakuru ni mepesi. Ukichimba popote unapata yale ya kijivu yenye matundu, unaweza kubeba la ukubwa wa kichwa kwa mkono mmoja. Hayo hayakumfaa. Alikuwa akienda kuokota kokoto nyeusi za relini, zilizoletwa kutoka kwingine, ngumu na nzito. Alizipanga nyuma ya mlango. Mama alianza kulia kimyakimya, akidhani sasa akili nayo imekwenda.

Kisha baba akanijia barazani dukani, anashika nguzo kila hatua chache. Aliweka lile koti la jeshi mbele ya cherehani yangu akaniomba nimshonee mifuko ndani, ya turubai, mikubwa, pande zote. Hakunieleza na sikumuuliza. Nilishona kwa uzi maradufu nikapitisha mara mbili kila kona. Sijawahi kushona kitu kwa uangalifu kama ule, hata gauni langu la harusi. Ilipokwisha aliingiza mkono, akavuta mfuko kwa nguvu aliyobaki nayo.

"Mama," akaniambia, "kesho twende wote hospitali. Mimi siwezi kubeba mawe na kujibeba mwenyewe."

Tulikwenda asubuhi ya siku ya kliniki, yeye na fimbo, mimi na mawe kwenye kiondo, kamba imenikata paji la uso. Tulipumzika mara nyingi njiani. Kwenye lango la hospitali nilimvika koti nikaanza kumjaza, jiwe moja kulia, jiwe moja kushoto, ili asiinamie upande. Watu walipita wakitutazama. Alipojaa alisimama kidogo akatafuta mizani ya miguu yake, na kwa mbali, ukimtazama kwa nyuma, alikuwa kama zamani.

Mabenchi yalikuwa yamepangwa nje ya kliniki kwenye ukuta, yote yamejaa. Wanawake walikuwa wamesongana kama Mistri alivyosema, bega kwa bega, watoto mgongoni na mapajani na wengine bado tumboni. Wengine walitoka mbali, Kuresoi na Molo, walikuwa wamelala njiani. Baba aliwaamkia kwa heshima, akawaomba wanyanyuke kidogo, benchi baada ya benchi, akalie tu kisha warudi. Walinyanyuka kwa sababu ni mzee na mzee hakataliwi kiti. Lakini nilisikia mmoja akimuuliza mwenzake kama huyu ametoka kwenye wadi ya wendawazimu.

Benchi la kwanza alikaa, akajisogeza, akajitupa. Lilitoa mlio, mlio ule wa zamani wa mbao zinazojipanga, na uso wake ukafunguka. Akasikiliza. Imekubali. La pili nalo likakubali. Nilianza kufikiri kwamba tulikuwa tumejisumbua bure, na nikamwomba Mungu iwe hivyo.

Benchi la tatu lilikuwa karibu na bomba la maji. Wote walinyanyuka isipokuwa msichana mmoja aliyekuwa akinyonyesha, mdogo, pengine uzazi wake wa kwanza, amekaa katikati kabisa. Alisema mtoto ndiyo kwanza ameshika titi baada ya kulia usiku kucha, na yeye haondoki. Nilimsihi. Akasonya, akaninyooshea kitambaa chake nimshikie, akaondoka akimkumbatia mtoto.

Baba akakaa alipokuwa amekaa msichana yule. Alijisogeza kulia. Alijisogeza kushoto. Akajiinua kwa fimbo, akajitupa.

Ubao wa katikati ulikatika wote, si kupasuka, kukatika, na ule wa nyuma ukaufuata. Baba alianguka kati ya vile vipande, mawe yakatoka mifukoni yakamwangukia na mengine yakabingirika mpaka miguuni kwa wanawake. Nilisikia nyonga yake ikivunjika. Ilikuwa sauti ndogo kuliko ile ya ubao. Alikuwa amelala chali, macho ameyafumba, na kwa sekunde moja nilidhani amekufa. Kisha akafungua macho.

"Imekataa," akasema, kwa ile sauti yake ya karakana.

Nilidhani wanawake wataelewa. Mpaka leo najishangaa kwamba nilidhani hivyo. Yule msichana aliangalia benchi, akaangalia mawe, akamtazama baba. Akasema, "Mzee, umetuvunjia benchi. Sasa tutakaa wapi?" Na wenzake wakamuunga mkono. Mtu mzima, kujaza mawe kwenye koti na kuja kuvunja mali ya hospitali, mali ya wagonjwa. Wangelaumu nini kingine? Waliona benchi zuri la kijani na mwendawazimu. Askari alikuja na kutaka majina yetu. Nilijaribu kueleza, nikawa nalia kwa hasira hata maneno hayatoki kwa mpangilio, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana kwamba wazimu ule ni wa ukoo. Baba hakujitetea. Alimwambia askari tu kwamba benchi lile lisigongwe misumari likarudishwa, mbao zake zitupwe.

Walimwingiza ndani kwa machela. Daktari alimpapasa koo kabla hata ya nyonga, akauliza ni tangu lini hajameza chakula. Nilipomwambia, alitikisa kichwa. Akasema kuna uvimbe wa kansa, umeshaziba koo, na hakuna la kufanya. Nyonga wangeivuta tu ili maumivu yapungue, na kwa hilo walihitaji kujua uzito wake, wapime dawa ya usingizi. Hakuweza kusimama kwenye mizani. Kwa hiyo mhudumu mmoja wa wadi, kijana wa kawaida tu, alimbeba mikononi wakapanda pamoja, kisha akamlaza akapanda peke yake, na nesi akatoa hesabu.

Kabla hajabebwa baba alinivuta mkono. Aliniambia nimvike koti, na kama kuna mawe niliyookota niyarudishe mifukoni.

"Baba, hiyo ni dawa," nikamwambia. "Wakikupimia ya mtu mkubwa hutaamka."

Akaniachia mkono. Katika maisha yake yote, mtu aliyekuwa mizani ya mji hakuwahi kupanda mizani. Nesi aliitaja namba kwa Kiingereza, na baba hakujua Kiingereza, akanitazama mimi. Nilimtafsiria.

"Basi ni mfuko wa simiti," akasema.

Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, na dirisha lilielekea kliniki. Siku chache baadaye nilimwona Mistri akiingia uani na mkokoteni wa mbao kavu na vibarua wawili, na nyuma yao mtu nisiyemjua. Lilikuwa pande la mtu, shingo na kichwa ni kitu kimoja. Mistri alikuja kwanza dirishani akamwamkia baba, akamwambia maneno ya kawaida, kwamba anaonekana vizuri. Baba akaitikia kwamba kweli, leo nafuu. Nilitamani kuwapiga makofi wote wawili. Kisha Mistri akaenda kutengeneza lile benchi la bombani, na likiwa tayari akamwita yule mtu akakaa.

Baba hakuweza kuinua kichwa aone. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Likawa kimya. Yule mtu mkubwa akajisogeza, akajitupa kidogo, na benchi halikusema kitu.

"Angalia miguu yake iko wapi," baba akaniambia.

Nikaangalia. Yule bwana alikuwa amekanyaga chini kwa visigino, mikono iko magotini, anamtazama Mistri usoni kama mtu anayepigwa picha.

"Iko chini, Baba."

"Akikanyaga hivyo, nusu yake imebebwa na mchanga. Kwa benchi amekaa nusu mtu. Nenda umwambie ainue."

Nilitoka. Nikapita katikati ya wanawake waliokuwa wakingoja wamesimama, nikamwambia yule mtu mbele ya watu wote ainue miguu. Akaniuliza ni nani anayesema. Mistri alimjibu kabla yangu, kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kutoka kwake, kwamba afanye alivyoambiwa. Akainua. Benchi likaguna, likajipanga, likashika, na wanawake wakaanza kukaa na kusongana hata kabla hajaondoka. Walimpita Mistri, wakampita mtu mnene, na kupitia dirishani wangeweza kumwona baba kama wangetazama.

Niliporudi kitandani aliniuliza kama yule bwana ni mzito.

"Ni mzito, Baba."

"Ananishinda?"

Ningeweza kusema uongo. Kila mtu mwingine angesema uongo.

"Anakushinda."

"Vizuri," akasema. "Basi wamepata mtu." Akageuza uso akaelekea ukutani, na habari za mabenchi hakuziuliza tena. Alifariki kabla mwezi haujaisha.

Tulimpeleka nyumbani magharibi kwa lori. Watu wa ukoo hawakuwa wamemwona kwa miaka, walimkumbuka alivyokuwa, na kwa hiyo walijitokeza wanaume wengi wenye nguvu kushusha jeneza, wamekunja mikono ya mashati, wanapeana maelekezo nani ashike wapi. Wakahesabu pamoja wakainua. Jeneza liliruka juu mpaka vifuani mwao, na mmoja nusura aanguke kwa kurudi nyuma. Wakasimama hivyo, limeelea mikononi mwao, na yule mkubwa wao akanitazama kana kwamba tumewaletea sanduku tupu. Nikamwambia yumo. Nikamwambia ashike tu, twende.